Jinsi ya kuandaa jioni ya Handel isiyoboa: mwongozo kamili wa nyimbo na mazungumzo, hatua kwa hatua

Kila mwaka kuanzia Februari simu zinaanza. Kwaya fulani imeamua kumuenzi Handel, yule mtunzi wa Haleluya, kwa jioni ya nyimbo na mazungumzo, wamejipanga vizuri tu, wameshachapisha na mabango, alafu baada ya shughuli mwalimu wao ananipigia kinyonge, "kaka, hatujui tulikosea wapi, watu walianza kutoka."

Mlikosea palepale wanapokosea wote. Mtoa mada aliongea dakika 50, toka Handel anazaliwa mpaka anazikwa, watoto wakalala, wazee wakaanza kuangalia saa, alafu kwaya iliyokaa benchi muda wote huo ikasimama sauti zimeshapoa na kwenye "King of Kings" ya Haleluya soprano wakapasuka. Najua kwa sababu mwaka mmoja huyo mtoa mada nilikuwa mimi, na nilikuwa na slaidi.

Siri ya jioni nzuri ni kushona maneno na nyimbo kama kitambaa kimoja: unaongea dakika 4 au 5, neno lako la mwisho linaangukia kwenye noti ya kwanza ya wimbo unaohusu kile ulichokuwa unakisema, basi. Hapo chini ni namna ya kufika huko kwa wiki 10. Nimeiandika kwa kwaya ya kawaida ya mtaani kwetu yenye kinanda kimoja, kwa hiyo kama una okestra wewe shukuru Mungu na uruke baadhi ya maneno.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujatangaza chochote

- Waimbaji 24 mpaka 40. Usiogope uchache, Messiah, ile kazi yake ndefu yenye Haleluya ndani, ilipoimbwa mara ya kwanza kule Dublin kwaya ilikuwa na watu kama 32 hivi, wanaume na watoto wa kiume wa makanisa mawili makuu ya mji.
- Solo watatu: tenor mmoja, alto mmoja, soprano mmoja. Wakiwa wanne ni baraka.
- Mpiga kinanda anayesoma nota. Sio "anayeshika kwa sikio", narudia, anayesoma nota.
- Kinanda chenye pedali ya mguu na kitufe cha transpozi (cha kupandisha au kushusha sauti yote), na stendi isiyoyumba.
- Tuning fork (chuma cha kutolea noti) au app ya kutoa sauti kwenye simu.
- Kopi za nota, moja kwa kila mwimbaji, na 5 za akiba maana kuna watu lazima wasahau.
- Msimuliaji mmoja tu. Sio watatu, sio "mgeni rasmi atasema machache".
- Msomaji mmoja wa mistari ya Biblia kwa Kiswahili, mwenye sauti inayotulia.
- Maiki 2, moja ya msimuliaji na moja ya akiba.
- Jenereta au mpango mwingine wa umeme, na taa zinazofika kwenye makaratasi ya waimbaji.
- Kapu la sadaka au namba ya kutumia pesa kwa simu, utaona sababu mbele.
- Maji ya kunywa ya uvuguvugu. Soda baridi ni za baada ya shughuli.

Nota zenyewe ni bure. Handel alifariki 1759 kwa hiyo muziki wake ni wa watu wote, ingia tovuti za IMSLP au CPDL upakue. Ila angalizo: toleo jipya lililohaririwa na mtu wa juzijuzi lina haki zake, usilipige fotokopi 40 eti kisa Handel ni marehemu.

## Hatua ya 1: Chagua uzi mmoja, acha maisha mazima (wiki ya 1)

Ukijaribu kusimulia maisha yote utapata orodha ya tarehe, na mtu hatoki nyumbani kwake akapanda daladala mbili kuja kusikiliza tarehe. Chukua jambo moja ambalo watu wako wanalielewa kwenye mifupa.

Uzi ninaoutumia mimi naupa jina "Muziki uliotoa watu jela". Messiah iliimbwa mara ya kwanza tarehe 13 Aprili 1742, Dublin, kwenye ukumbi wa muziki wa mtaa wa Fishamble, na mapato yakagawanywa mafungu matatu: hospitali ya Mercer, hospitali nyingine ya maskini, na kulipa madeni ya wafungwa. Enzi hizo ukishindwa kulipa deni unafungwa, na ukiwa ndani utalipaje sasa? Pesa ya siku ile ikawatoa watu 142.

Mswahili hahitaji kuelezwa changizo ni nini. Ukisema hivyo tu ukumbi unanyamaza, maana kila mtu anamjua mtu aliyekwama wodini ameruhusiwa kutoka ila bili haijalipwa.

Kama uzi huo hauwafai yapo mengine. Mwanamuziki aliyepofuka. Mjerumani aliyezaliwa Halle 1685 na kuishia kuwa raia wa Uingereza 1727. Lakini uzi uwe mmoja, na hadithi nzuri isiyoingia kwenye uzi huo uiache hata kama inauma.

Umefaulu hatua hii kama unaweza kumwambia mwenye duka la jirani kwa sentensi moja jioni inahusu nini, na yeye akauliza "enhe, ikawaje?"

## Hatua ya 2: Tarehe na ukumbi (wiki ya 1 na ya 2)

Tarehe 23 Februari ni siku aliyozaliwa, 13 Aprili ni siku ya Dublin, 14 Aprili ndio aliyofariki. Mimi napenda Aprili kwa sababu mara nyingi inaangukia karibu na Pasaka, na Handel mwenyewe alikuwa anaiimbisha Messiah msimu wa Kwaresima na Pasaka, hii ya kuifanya wimbo wa Krismasi imekuja baadae. Ila Desemba watu wana moyo wa kutoka na kutoa, kwa hiyo nayo sio mbaya.

Ukumbi: kanisa lenye sakafu ngumu na dari ya juu linashinda ukumbi wa harusi wenye mapazia na viti vya vitambaa. Nenda piga makofi mara moja katikati ya jengo. Sauti ikirudi kidogo na kupotea, chukua. Ikirudi na kuzunguka kama iko kwenye pipa, kwaya itabidi iimbe polepole zaidi, upange hivyo mapema. Na bati je? Mvua ya Aprili juu ya bati haishindani na mtu, muulize mlinzi mvua ikinyesha inakuwaje.

Wapo watakaokuuliza kwanini mnafanya tamasha kanisani. Waambie kule London mwaka 1743 lawama ilikuwa kinyume chake, watu walikasirika maneno matakatifu yanaimbwa kwenye thieta. Handel alilaumiwa kabla yenu.

## Hatua ya 3: Chagua nyimbo, na kata zile za kujionyesha (wiki ya 2)

Hapa ndipo kwaya nyingi zinapojichimbia shimo. Messiah nzima ni kama saa 2 na nusu, sehemu tatu. Msijaribu. Nyie sio kwaya mbaya, tatizo ni kwamba baada ya saa moja na nusu kwenye benchi la mbao hata malaika angeomba kwenda nje.

Hii ndio orodha ninayoiamini:

1. Mwanzo wa "Zadok the Priest", kinanda peke yake, simamisha kabla kwaya haijatakiwa kuingia. Huu ulitungwa kwa kutawazwa mfalme George wa Pili mwaka 1727 na umeimbwa kila anapotawazwa mfalme wa Uingereza mpaka leo. Ila hilo usianze nalo. Anza na hili: wimbo wa Champions League ulitengenezwa 1992 na Tony Britten kwa kuazima humu. Vijana wa nyuma kabisa watainua vichwa, nakuhakikishia.
2. "Ombra mai fù", solo, dakika kama 3. Umetoka kwenye opera yake (mchezo wa kuimbwa) Serse ya 1738 na watu wengi wanaujua kama Largo, unapigwa sana harusini na misibani kwa upole mkubwa. Kumbe ni mfalme anauimbia mti kwa sababu kivuli chake ni kizuri! Mtu aliyekulia chini ya mwembe hahitaji tafsiri.
3. "Comfort ye", solo ya tenor, ndio maneno ya kwanza kabisa ya Messiah.
4. "And the glory of the Lord", kwaya.
5. "He was despised", solo ya alto, ila sehemu ya kwanza tu. Ukiimba yote na marudio ni zaidi ya dakika 10.
6. "Thine Be the Glory", watu wote. Tuni ni ya Handel, ilitoka kwenye oratorio zake (hadithi ndefu za kuimbwa bila kuigizwa) na baadae ikawekewa maneno ya Pasaka. Ukumbi mzima uimbe, hata wenye sauti za kupigia mnada.
7. "I know that my Redeemer liveth", soprano.
8. Haleluya.

Mtaniuliza "For unto us a child is born" iko wapi. Imekatwa, makusudi. Zile noti za mbio zinazopokezana sauti zote nne zinataka kwaya yenye miezi sita, sio wiki 10. Mkiwa nayo tayari kichwani wekeni, kama hamna msijifunzie mbele za watu. Na kwaya ya Zadok ina sauti 7 kwa hiyo nayo tuishie kwenye kinanda.

Kingine, msiweke "Joy to the World" eti ni ya Handel. Jina lake liliunganishwa na tuni ile Marekani karne ya 19, hakuitunga yeye kama ilivyo. Huwa kuna mtu mmoja kwenye hadhira anayejua hilo na atasubiri mpaka mwisho akuaibishe.

## Hatua ya 4: Nota na lugha (wiki ya 2 na ya 3)

Kama kwaya yenu inasoma solfa (do re mi), andikeni solfa, hamna aibu. Haleluya, Doh ni D, soprano wanaanza d' s l s na kila mtu chumbani anajua tayari tuko wapi. Ila mpiga kinanda apewe nota za mistari, zote, na bandika kurasa kwa selotepu asihangaike kugeuza.

Sasa lugha, na hapa nitakaa kidogo maana ndipo ugomvi unapoanzia. Tuimbe Kiingereza au Kiswahili?

Handel alitunga kwa kufuata mikazo ya Kiingereza. Kiswahili mkazo wetu unakaa silabi ya pili toka mwisho, karibu siku zote. Pale mikazo inapokutana inanoga ajabu: Ha-le-LU-ya imekaa pale pale, utadhani aliitungia Tanga. "And he shall reign for ever and ever" ina silabi 10, na "naye atamiliki milele" hesabu kwa vidole, 10 pia, na "li" ya atamiliki pamoja na "le" ya milele zinaangukia hasa palipo na uzito. Kinachopinda ni "naye" tu, muziki unalazimisha "naYE". Hilo linavumilika.

Lakini "King of Kings" ni silabi 3, na "Mfalme wa wafalme" ni 7. Hapo mtafanya nini? Ukizikandamiza zote kwenye noti ndefu inakuwa kama mnada wa samaki, ukikata neno maana inapotea. Nimeona kwaya zikijaribu njia zote mbili na sijaona iliyonifurahisha.

Ninachofanya siku hizi: kwaya na solo wanaimba Kiingereza, na kabla ya kila wimbo wa Messiah, isipokuwa Haleluya, msomaji anasoma mstari wenyewe kwa Kiswahili toka kwenye Biblia, kwa sababu maneno ya Messiah karibu yote ni Biblia tupu, yalikusanywa na Charles Jennens. "Comfort ye" ni Isaya 40:1, "Watulizeni mioyo". "He was despised" ni Isaya 53:3. "I know that my Redeemer" ni Ayubu 19:25, na raha yake ni kwamba Kiingereza kinasema mkombozi ila Biblia yetu ya Union inasema "mteteaji wangu yu hai". Mteteaji! Kwenye jioni inayohusu wafungwa wa madeni neno hilo linapiga kuliko la Kiingereza. Haleluya ni Ufunuo 19:6, 11:15 na 19:16.

Kama wazee wa kanisa wanataka Kiswahili lazima, basi fanyeni Haleluya peke yake kwa Kiswahili na "King of Kings" iacheni kwa Kiingereza. Hakuna atakayekufa.

## Hatua ya 5: Mazoezi (wiki ya 3 mpaka ya 9)

Mara mbili kwa wiki, saa moja na nusu. Mambo manne tu nayakazia, mengine mwalimu unayajua.

Haleluya ifundisheni kutoka mwisho. Kila kwaya inaijua kurasa mbili za mwanzo na kupapasa zilizobaki. Mkianza na mwisho, siku ya shughuli mnatembea kutoka msichokijua sana kwenda mnachokijua vizuri, na moyo unapanda badala ya kushuka.

Noti ndefu za soprano. Kwenye "King of Kings" wanashika noti moja ndefu, alafu wanapanda ngazi moja moja mpaka G ya juu huku wengine chini wanapiga "for ever, Haleluya". Hapa wapokezane pumzi: dada wa kwanza na wa tatu wavute hewa sehemu moja, wa pili na wa nne sehemu nyingine, iandikwe kabisa kwenye kopi. Wakivuta wote pamoja kamba inakatika.

Kama G inawashinda teremsheni nusu toni (hatua ndogo kabisa ya kinanda), na msijisikie wanyonge. Kuna tuning fork inayohusishwa na Handel ya mwaka 1751 ambayo A yake ni mitetemo 422.5 kwa sekunde, wakati sisi leo tunatumia 440. Hiyo ni zaidi ya nusu ya nusu toni, kwa hiyo mkishusha nusu toni mmemsogelea mzee kuliko waliokaa juu. Ila isizidi toni moja, besi watazama.

Alto kwenye "And the glory of the Lord". Wao ndio wanaingia kwanza, peke yao, na kwaya zetu alto wamezoea kujificha katikati. Chagua alto wawili wenye ujasiri uwasimamishe mbele. Wakiingia kwa kunong'ona wimbo mzima unakuwa kama unaomba radhi.

Na lile shimo. Karibu na mwisho wa Haleluya, baada ya Haleluya za haraka haraka, kuna ukimya, kisha Haleluya ya mwisho polepole. Kwenye ukimya ule kila kwaya duniani ina mtu mmoja atakayeimba peke yake. Kwetu alikuwa besi, mtu mzima, mwenye sauti ya ng'ombe dume, alitoa "Ha!" moja iliyosikika mpaka barabarani na mpaka leo anaitwa Ha. Dawa: fanyeni mazoezi ya ukimya wenyewe. Mwalimu ashushe mikono kabisa, wote wafumbe mdomo, wahesabu, kisha mkono upande. Mara kumi kila zoezi.

Wiki ya 9 kwaya iweze kuimba Haleluya nzima bila kinanda, toka kwenye D ya tuning fork, na mkimaliza mcheze D kuangalia mmeshuka kiasi gani. Kama mmeshuka ila haijafika nusu toni mko salama.

## Hatua ya 6: Kuandika mazungumzo (wiki ya 4 mpaka ya 7)

Mazungumzo manne, kila moja dakika 5 mwisho. Yaandikwe neno kwa neno, kurasa moja na nusu kwa maandishi makubwa, na yasomwe kwa sauti na saa mkononi. Anayesema "mimi nitaongea kutoka moyoni" ndiye anayefikisha dakika 20.

La kwanza: kijana wa Halle, baba yake alikuwa kinyozi na mpasuaji, alitaka mwanae awe mwanasheria. (Hapo wazazi wanacheka, na watoto wao wanacheka zaidi.) Kijana akaenda Hamburg, akaenda Italia, akatua London akatajirika na opera. Unaishia: "na kati ya opera hizo kuna moja mfalme anasimama chini ya mti…" solo anaanza Ombra.

La pili: opera zinaanguka. Serse yenyewe iliimbwa mara 5 ikafungwa. Mwaka 1737 alishapata kiharusi. Mwaka 1741 anaandika Messiah kwa siku 24, toka 22 Agosti mpaka 14 Septemba. Unaishia na: "na maneno ya kwanza aliyompa mwimbaji wake yalikuwa haya." Msomaji: "Watulizeni mioyo." Tenor.

La tatu ndio moyo wa jioni, Dublin. Weka vitu vya kuonekana: ukumbi ulikuwa mdogo, matangazo yakaomba kina mama waje bila yale magauni ya pete kubwa na wanaume waache panga zao nyumbani ili watu wengi zaidi waingie, wakajazana kama 700. Waeleze mwimbaji wa alto, Susannah Cibber, alikuwa na kashfa ya ndoa iliyojulikana London nzima, na ndiye aliyesimama akaimba "alidharauliwa na kukataliwa". Simama hapo. Usiongeze chochote, acha alto aimbe. Wimbo ukiisha ndio unasema: watu 142 walitoka jela. Kapu linapita, watu wanasimama, "Thine Be the Glory".

Pesa hiyo iwe na jina. "Kwa ajili ya maendeleo" haiwatoi watu noti mifukoni. Bili ya hospitali ya watu fulani, ada ya watoto fulani, na kiasi kinachotakiwa kitajwe wazi.

La nne wengi wanataka kulikwepa. Kumbukumbu zinaonyesha Handel alikuwa na hisa za Royal African Company na South Sea Company, kampuni zilizokuwa ndani ya biashara ya watumwa. Huyo huyo aliyetoa wafungwa. Semeni. Mkiwa Bagamoyo au Zanzibar hasa semeni, maana hadhira ile ina haki ya kujua pesa ilitoka wapi. Hamna haja ya kumtetea wala kumhukumu kwa robo saa, dakika moja ya ukweli ulionyooka inatosha, alafu mwendelee na uzee wake: macho yakafa, akapasuliwa na daktari John Taylor, yule yule aliyempasua mtunzi mwenzake Bach, na wote wawili hawakupona. Aliacha nakala ya Messiah kwenye wosia kwa ajili ya kituo cha watoto waliotelekezwa London. Kaburini kwake Westminster Abbey sanamu yake imeshika karatasi ya wimbo, na wimbo huo ndio huu… soprano.

Za kutupa jalalani: kwamba alilia akasema ameona mbingu imefunguka, na kwamba mfalme George alisimama kwenye Haleluya ndio maana tunasimama. Zote zilisambaa baadae sana, hakuna aliyeandika wakati ule kwamba alimuona mfalme pale. Desturi ya kusimama ni ya zamani kweli, mfalme ndiye hana shahidi. Mimi kwenye karatasi ya programu naandika tu "ukijisikia kusimama, simama".

## Hatua ya 7: Kushona (wiki ya 8 na ya 9)

Mazoezi mawili yote mnafanya mishono tu, hamuimbi nyimbo nzima. Msimuliaji anasema sentensi mbili za mwisho, msomaji anasoma, kinanda kinaanza, mnakata. Tena. Lengo ni chini ya sekunde 5 kati ya neno na noti. Mpiga kinanda akiwa bado anatafuta ukurasa, mshono umefumuka.

Hesabu ya muda: ukaribisho 3, mazungumzo 20, muziki kama 29, changizo 8, kusogea na makofi 10. Ni dakika 70. Mgeni rasmi akitaka "kusema machache" mpe ukaribisho, dakika 3 ni zake.

Kwaya isikae benchi muda wote. Wasimame toka mwanzo wa mazungumzo ya pili, au wakae mahali wanapoweza kuinuka bila kukwaruza viti. Na kabla ya Haleluya hakuna neno lolote. Soprano anamaliza, makofi, kimya, kinanda kinaanza. Msimuliaji ajifiche.

## Hatua ya 8: Siku yenyewe

Mfike masaa 3 kabla ya kuanza. Fundi mitambo atataka kuiwekea kwaya maiki, mkataeni kwa upole. Kwaya ya watu 30 kwenye kanisa haihitaji spika, maiki ni ya msimuliaji tu, na muangalie kwa macho yenu azime ile echo. Fundi atasema ameizima. Mwambieni aseme "moja mbili" tena.

Angalieni kitufe cha transpozi kabla hamjaanza. Mtoto aliyekuwa anachezea kinanda saa tisa anaweza kuwapandisha toni mbili na soprano watajua wakiwa wameshachelewa.

Umeme ukikatika katikati, solo waruke, kwaya iingie na Haleluya bila kinanda kwa tuning fork wakati jenereta linawashwa, alafu mrudie mlipoachia. Hadhira itadhani mlipanga.

Mtajua imefaulu kama changizo limefika hata nusu ya lengo, hakuna aliyetoka kabla ya Haleluya, na mtu mzima mmoja anakuja mwishoni kuuliza, "hivi ule wa mti unaitwaje?"

Kesho yake kusanyeni kopi, hesabuni pesa mbele ya watu watatu, mpelekee mhusika na risiti isomwe kanisani Jumapili. Mpiga kinanda mlipeni usiku uleule, nauli ya bodaboda ya saa nne usiku sio ya kumkopa mtu.